Siku Mama Alipoitetea Nyumba Yake ya Magomeni

Karatasi ile ilibandikwa kwenye ukuta wa nyumba yetu ya Magomeni, hapa Kilosa, pembeni ya mlango wa mbele, siku ya Jumanne, mimi nikiwa shuleni Chanzuru nawafundisha watoto wa darasa la tatu kujumlisha. Niliporudi alasiri nilimkuta mama amekaa kwenye kigoda barazani, ameipa karatasi mgongo, anachambua mchele. Majirani wawili walikuwa wamesimama ng'ambo ya barabara wakijifanya wanaongea mambo yao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hebu nisomee hiyo. Askari walinisomea, lakini walisoma mbiombio."

Nikasoma. Mahakama ilikuwa imetoa amri ya zuio juu ya mali zinazodhaniwa kupatikana kwa uhalifu. Mali zenyewe zilitajwa moja moja: nyumba ya kulala wageni iliyoko Mikumi, malori mawili, na nyumba ya kuishi iliyoko Magomeni, Kilosa, pamoja na namba ya kiwanja. Hakuna ruhusa kuuza, kuhamisha umiliki, kuweka rehani, kubomoa wala kubadili chochote mpaka mahakama itakapoamua vinginevyo. Waliomo ndani wanaweza kuendelea kuishi. Mmiliki wa mali zote aliandikwa kuwa ni mtu mmoja, naye ni kaka yangu, anayenifuata kwa kuzaliwa.

Mama aliacha kuchambua mchele. "Rudia hapo kwenye mwenye nyumba."

Nikarudia.

"Hii nyumba? Hii ninayokaa mimi?"

"Ndiyo, mama. Imeandikwa hapa kwamba hati ina jina la kaka."

Hakulia wala hakupiga kelele. Aliusogeza ungo pembeni, akaingia ndani, akatoka na fagio, akaanza kufagia mbele ya ukuta ule, chini kabisa ya karatasi. Wale majirani wakaona aibu, wakaondoka. Tangu siku hiyo alifagia pale kila asubuhi kwa muda wote kesi ilipoendelea, na kila aliyepita, mama ndiye aliyetangulia kumsalimia, kwa sauti, kama mtu asiye na cha kuficha.

Kaka alikuwa amekamatwa majuma matatu kabla. Lori lake lilisimamishwa barabara kuu upande wa Mikumi, na chini ya magunia ya mahindi yakakutwa meno ya tembo. Alishtakiwa kwa kukutwa na nyara za serikali na kutakatisha fedha, na kwa shtaka hilo la pili dhamana hakuna. Alikuwa mahabusu Morogoro. Sisi nyumbani tulikuwa tumemjua kama mfanyabiashara wa mazao. Nyumba yake ya wageni pale Mikumi ilikuwa na ghorofa moja, na tembo wa saruji langoni. Siku ya kuifungua tulialikwa. Mama alikula pilau, akazungushwa vyumba vyote, na alipofika ukumbini akamuuliza mwanawe, "Yote haya ni mahindi?" Kaka akacheka, akamshika bega, akasema, "Ni mahindi na akili, mama." Mama hakucheka. Nami nilikuwepo, na sikuuliza kitu, kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye kochi zuri na nilikuwa nafurahia.

Lazima nieleze nyumba ya Magomeni ilivyopatikana, maana bila hivyo mtu hawezi kuelewa kilichofuata.

Baba alikuwa fundi wa reli, na tulikaa kota za reli. Alipofariki kwa homa tulipewa muda wa kuhama, tukahama. Mama alikuwa na miaka thelathini na kitu, watoto wawili, na kazi ya kukata mkonge Kimamba, ambayo wanawake wachache waliiweza. Mikono yake mpaka leo ina makovu ya miiba, mengine ni madogo kama punje za mtama. Alikuwa akiondoka kabla ya adhana ya alfajiri, anarudi mchana, halafu anakwenda kulima kibarua cha watu. Akaomba kiwanja serikali ya mtaa, akapewa, na barua yake akaifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuiweka kwenye sanduku la nguo.

Tofali alifyatua mwenyewe. Nasema mwenyewe bila kutia chumvi. Aliazima kalibu ya mbao kwa fundi mmoja wa Mabwerebwere, na kila Jumamosi na Jumapili tulikuwa shimoni: mama anakanyaga udongo kwa miguu, mimi najaza kalibu, kaka, aliyekuwa darasa la pili, anachota maji. Mvua ikinyesha kabla tofali hazijakauka, zinarudi kuwa tope, na sisi tunaanza upya. Nakumbuka mwaka mmoja tulianza upya mara mbili. Tanuri lilipowashwa, mama alilizunguka siku nzima akiziba nyufa kwa udongo, uso umejaa masizi, na alipoona moshi umebadilika rangi akapiga kigelegele peke yake. Msingi ulikaa miaka miwili bila ukuta. Ukuta ukakaa mwaka bila bati. Tulihamia nyumba ikiwa haina dirisha hata moja, tumeziba kwa magunia, na mama akatembea chumba hadi chumba akigusa kuta kwa kiganja.

Baadaye mto Mkondoa ulipofurika maji yalifika usawa wa dirisha. Nyumba kadhaa za jirani zililala chini. Ya kwetu ilisimama. Fundi aliyekuja kukagua nyufa alisema tofali zile zilichomwa vizuri kuliko za kununua.

Sasa, kuhusu hati. Wataalamu wa ardhi walipokuja kupima viwanja mtaani, mama alikuwa amelazwa kwa ajili ya goti. Akamwambia kaka ashughulikie. Kaka akashughulikia, akaandika jina lake, akamwambia mama kila kitu kimekamilika. Miaka miwili kabla ya kukamatwa akaongeza vyumba viwili nyuma ya nyumba, vya marumaru, na choo cha ndani ili mama asihangaike kuchuchumaa. Mama alimwombea dua kwa choo kile.

Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, alikuja siku chache baada ya karatasi kubandikwa. Alikuwa ametoka kumwona kaka mahabusu. Aliketi sebuleni, akanywa chai, akazunguka maneno kidogo kisha akayasema.

"Shemeji, kuna njia. Wewe unakwenda mahakamani kudai nyumba hii, si ndiyo? Ukiwa pale pale unasema na ya Mikumi ni jasho lako. Kwamba uliuza shamba la Chanzuru ukampa mtoto mtaji. Mahakama ikikuamini, zote mbili zinatoka kwenye zuio."

"Shamba gani la Chanzuru?"

"Shemeji, shamba si lazima liwepo. Mzee aliyekuuzia kafa, aliyenunua kahama. Nani atafuatilia?"

Mama aliiweka chini birika. "Umetumwa na mwanangu?"

Baba mdogo alitazama mlangoni. "Ni mawazo yetu sote. Akipoteza ile ya Mikumi atatoka gerezani na nini?"

"Atatoka na mikono yake," mama akasema. "Chai ipo, kama utaongeza."

Hakuongeza. Alipoondoka nilimfuata mama jikoni. Naandika hili kwa sababu ni kweli, ingawa halinipendezi: nilimwambia afikirie. Nilimwambia yule ni mtoto wake wa kiume, na kwamba neno moja tu lingeweza kumwokoa na ufukara.

"Wewe ni mwalimu," mama akasema. "Mtoto akikuletea hesabu amenakili kwa mwenzake, moja ni yake na nyingine si yake, unampa vema zote?"

Kesho yake nilikwenda Morogoro kutafuta wakili.

Nilimpata dada mmoja kwenye ofisi ya msaada wa kisheria, mdogo kwangu kwa umri, mwenye macho makali. Alisoma amri ile kisha akaniambia kwamba mtu ambaye si mshtakiwa, lakini mali yake imeingizwa kwenye zuio, anaweza kuomba mahakama iitoe, mradi aonyeshe kuwa aliipata kihalali na hakuhusika na kosa. "Atuletee chochote chenye jina lake," akasema. Tulimletea barua ya kiwanja kutoka kwenye mfuko wa nailoni, risiti za bati, risiti za kodi ya jengo ambazo mama alikuwa amezilipa mwenyewe kila mwaka, na picha moja iliyopauka: mimi na cheti changu cha darasa la saba, nyuma yangu nyumba ikiwa imeezekwa nusu, na kaka pembeni, amevaa kaptura ya shule, hajafika hata begani kwangu.

Siku ya kusikilizwa tulipanda treni ya umeme kutoka Kilosa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mama. Alikaa dirishani amevaa khanga zake mpya na viatu vilivyopigwa rangi, na treni ilipochomoka akaniambia, "Baba yako angeiona hii, angeshuka kwenda kukagua mataruma ya reli." Huo ndio uliokuwa utani wake pekee siku ile.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo kuliko nilivyofikiria. Kaka aliletwa na askari magereza wawili. Amekonda. Mama alimtazama, naye akainamisha uso na hakumwamkia. Kwetu mtoto hampiti mzazi bila shikamoo, hata awe amekasirika vipi. Kisha mama akaitwa mbele.

Akaapa kwa Kurani. Jaji, mwanamama mtaratibu, akaagiza aletewe kiti kwa sababu ya goti.

"Ahsante, Mheshimiwa. Nitasimama. Nikikaa nitasahau."

Wakili wetu alimwongoza kueleza kiwanja, tofali, bati. Mama hakuwa na haraka. Alieleza udongo ulichimbwa wapi, nani alimwazima kalibu, tanuri liliwaka kwa kuni za mti gani. Kuna mahali aliinua mikono yake kuonyesha makovu ya mkonge, bila kuombwa, na karani akaacha kuandika akatazama. Nilijisikia nikikaa wima kwenye benchi, kama mtoto ambaye mzazi wake amekuja shuleni na amependeza.

Kisha akasimama wakili wa Serikali. Alikuwa kijana mwenye adabu, na adabu yake ndiyo iliyonitisha.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, baba."

"Hati ya kiwanja hiki ina jina la mwanao. Utamwelezaje Mheshimiwa Jaji kwamba nyumba ni yako?"

"Natia msingi wa nyumba ile, mwanangu yuko darasa la pili. Mtoto wa darasa la pili anamiliki nini, baba? Madaftari."

Kuna waliocheka. Jaji hakucheka, lakini aliichukua ile picha akaitazama tena.

"Ni kweli hukujua hati imeandikwa jina lake?"

"Nilijua siku karatasi yenu ilipobandikwa."

"Tuje Mikumi. Nyumba ya kulala wageni. Ulichangia chochote kuijenga?"

Niliona baba mdogo akisogea mbele kwenye benchi lake. Kaka aliinua uso kwa mara ya kwanza, akamtazama mama moja kwa moja. Mama naye akamtazama.

"Sikuchangia," mama akasema. "Nilikwenda siku moja, nikala pilau, nikarudi kwangu."

"Hukuuza shamba kumpa mtaji?"

"Sijawahi kuwa na shamba la kuuza."

Wakili wa Serikali alipekua karatasi zake. Nikadhani amemaliza. Lakini akauliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyelitegemea.

"Nyuma ya nyumba yako kuna vyumba viwili vya marumaru na choo cha ndani. Navyo ulijenga wewe?"

Wakili wetu aliacha kuandika. Hatukuwa tumemwandaa kwa hilo. Hakuna risiti ya vyumba vile, hakuna shahidi aliyepangwa, na mama angeweza kusema ndiyo na mambo yakaisha.

"Vile alijenga mwanangu," akasema. "Mwaka juzi. Alinijengea kwa sababu ya goti. Sikumuuliza fedha imetoka wapi, na hilo ni kosa langu, Mheshimiwa. Nyumba ya mbele ni yangu. Vile vya nyuma kama vina walakini, vichukueni."

Wakili wa Serikali akainamisha kichwa. "Sina swali zaidi."

Nje, wakili wetu alimshika mama mkono. "Mama, karibu nizimie."

"Nimeharibu?"

"Sijui. Ila sijawahi kuwa na shahidi kama wewe."

Tulirudi Kilosa. Jioni ile ile, kabla hata ya kuvua khanga, mama alikwenda nyuma, akatoa godoro lake na ndoo yake kwenye chumba cha marumaru, akafunga milango yote miwili, akanikabidhi funguo. Nikamkumbusha kwamba amri inaruhusu kuendelea kuishi humo.

"Najua inaruhusu," akasema.

Kwa miezi iliyofuata alitumia choo cha zamani cha nje, akishikilia kamba niliyoifunga ukutani ili aweze kuinuka. Nilikuwa nikimsikia akigumia na nikikasirika. Kisha nikaacha kukasirika. Shuleni mwalimu mwenzangu aliponiuliza, kwa kejeli kidogo, kama bado tunakaa kwenye nyumba ya meno ya tembo, nilimjibu kwamba tunakaa kwenye nyumba ya mama yangu, na nikamweleza habari yote mbele ya walimu wengine, tangu kalibu mpaka mahakamani. Hakuniuliza tena.

Uamuzi ulisomwa baada ya majuma kadhaa. Jaji alisema ameridhika kwamba nyumba ya Magomeni ilijengwa na mama kabla mshtakiwa hajawa mtu mzima, na kwamba kilichompa imani zaidi na ushahidi wake ni yale aliyoyakataa. Akaiondoa nyumba ya mbele na kiwanja kwenye zuio. Vyumba vya nyuma vitasubiri kesi ya msingi. Nyumba ya wageni na malori vibaki chini ya amri kama vilivyokuwa. Mama aliniuliza kwa kunong'ona, "Amesema ni yangu?" Nikamwambia, "Amesema ni yako." Akaniambia nirudie tena, nikarudia.

Karatasi ya ukutani aliibandua mwenyewe kwa maji ya uvuguvugu, polepole, asichune rangi.

Juma lile lile akataka kwenda kumwona kaka. Tulimpelekea sabuni na chapati. Kaka alikaa upande wa pili wa meza, mikono mapajani.

"Umenimaliza, mama," akasema.

"Ulitaka niape uongo nimeshika Kurani?"

"Nilitaka unisaidie."

"Nimekuletea chapati. Kesho kutwa nitakuja tena, na mwezi ujao, na mwaka ujao. Huo ndio msaada ninao." Kisha akamuuliza lile ambalo hakuwa amemuuliza mtu mwingine. "Kwa nini uliandika jina lako kwenye nyumba yangu?"

"Niliona ni kitu kimoja," kaka akasema. "Chako na changu."

"Wangeichukua ikaenda na vya kwako. Ningelala wapi?"

Hapo kaka alilia. Alilia kama alivyolia mvua ilipoyeyusha tofali, kwa kwikwi, akijifuta kwa mkono wa shati. Askari akasema muda umekwisha. Tulipoinuka akasema, "Shikamoo, mama," ingawa ilikuwa ni wakati wa kuagana, na mama akaitika vilevile kama kwamba ndiyo kwanza ameingia.

Kesi yake ilikwisha mwaka uliofuata. Alikutwa na hatia, akafungwa. Nyumba ya Mikumi na malori yakataifishwa. Nikipita pale kwa basi namwona yule tembo wa saruji, ameanza kubanduka rangi, na moyo unaniuma kwa ajili ya kaka, si kwa ajili ya jengo. Kuhusu vile vyumba viwili, upande wa Serikali ulisema hauviombi, kwa kuwa haviwezi kutenganishwa na nyumba ya mama. Mama akanidai funguo. Akafungua, akafagia, akapiga deki. Choo anakitumia. Chumba kimoja cha marumaru ameweka magunia ya mahindi, na anasema panya hawapendi sakafu ya utelezi.

Baadaye tulikwenda ofisi ya ardhi Kilosa kurekebisha hati. Karani, binti mchangamfu, alituambia tukae, akafungua kompyuta.

"Jina la mmiliki, bibi?"

Mama alisimama tena kwa ajili ya hilo, licha ya goti lake. Akataja majina yake yote matatu, la kwake, la baba yake na la babu yake, kwa sauti iliyowafanya waliokuwa kwenye foleni wageuke. Binti akaomba radhi, akasema hajalisikia vizuri jina la katikati.

Mama akalitamka tena, herufi moja baada ya nyingine.